Mwasumini wa Uani



Juma lililopita, baada ya Swala ya Alasiri, alinijia binti mmoja wa hapa Idsowe, mtoto mgongoni na simu mkononi. Alipokwisha kuniamkia akanionyesha picha ya ua kubwa la rangi ya waridi, lililosongamana petali hata kitovu chake hakionekani. Akaniambia, "Ami, hili laitwa peoni. Kuna mtu auza mizizi yake kwa simu, na asema ataituma kwa basi hadi Garsen. Je, nimpelekee pesa?" Nikamwomba angoje asome ukurasa huu, kwa kuwa nilijua hayuko peke yake. Picha hizo zimezagaa katika simu za kina mama, na kila azitazamaye hutamani.

Ua hilo lipo, wala si udanganyifu wa picha. Asili yake ni nchi zenye majira ya baridi kali: Uchina, Asia ya Kati, Ulaya na pande za magharibi za Amerika ya Kaskazini. Wachina walilienzi tangu zama za kale, na hata leo mji wa Luoyang hufanya tamasha lake kila mwaka. Waarabu waliliita faawaaniyaa, na matabibu wa zamani waliutaja mzizi wake katika vitabu vya dawa. Likitulia mahali palipolifaa, shina moja huweza kuishi miaka 50 na zaidi. Lakini Mola aliyeliumba alilifungia sharti. Mzizi wake hulala ardhini wakati wa baridi, na usipopata wiki nyingi za baridi ile inayokaribia kugandisha maji, hauamki ukachanua. Sisi hapa, hata usiku wa Julai kusi ikivuma, twalala madirisha wazi. Basi muuzaji huyo hata akituma mzizi wa kweli, na asitume kiazi cha mviringe, binti yetu atapata majani machache, kisha atapata kijiti kikavu. Usitume pesa, mwanangu. Na muuzaji, ikiwa ajua hayo na akayaficha, basi ameghushi, na katika biashara zetu ghushi ni haramu, iwe ya ngano sokoni au ya mzizi ndani ya simu.

Kisha nilimuuliza, "Kwako huna mwasumini?"

Akasema, "Nilikuwa nao, Ami. Ulikufa."

"Ulikufaje?"

"Sijui. Nilikuwa naumwagilia kila siku."

Nikanyamaza, kwani maneno hayo nimewahi kuyasema mimi mwenyewe, na niliyemwambia alikuwa mke wangu.

Mke wangu ni mtu wa Lamu. Mwaka 2001 alirudi kutoka kwao na kipande cha mwasumini kilichofungwa kitambaa kibichi, akakishika mapajani safari nzima. Alikipanda kando ya mlango wa jikoni, mahali palipoinuka kidogo kwa taka za jivu na vifusi vya ukuta wa zamani, nami sikujali. Miaka ikapita. Binti zangu wote wawili waliolewa na asumini za mti ule. Mama yake alipofariki, mke wangu hakuwa na kumbukumbu nyingine iliyokuwa hai isipokuwa ule mti, kwa sababu kipande kilitoka katika ua wa mama yake. Hilo sikulijua mpaka baadaye. Sisi wanaume huishi na vitu miaka 20 pasi na kuuliza vilitoka wapi.

Mwaka 2021 ulikuwa wa ukame. Mnamo Septemba serikali ilitangaza kuwa ukame ni janga la taifa, na huku kwetu mizoga ya ng'ombe ilikuwa kando ya barabara. Mke wangu aliitwa Mombasa kumuuguza dada yake, akakaa huko miezi 3. Aliniachia amana mbili, kuku na mwasumini. Kuku niliwaachia watoto. Mwasumini niliushika mwenyewe, maana nilitaka arudi aukute umenenepa.

Nilifanya bidii, na hapo ndipo nilipoharibu. Niliona hausimami vizuri pale kwenye kifusi, nikauchimba na kuuhamishia katikati ya ua, kwenye udongo wetu mweusi, katika shimo refu. Nikajaza samadi ya mbuzi, mbichi, yenye joto. Juu yake nikamwaga majivu ya jikoni, kwa kuwa nilisikia majivu huzuia wadudu. Kisha ndoo moja asubuhi na ndoo moja jioni, maji ya mtoni yaliyoletwa kwa punda. Majani yalipoanza kuwa manjano nikadhani una kiu, nikaongeza ndoo ya adhuhuri. Yalipopukutika nikaongeza samadi.

Mke wangu aliporudi aliweka mzigo chini, akaenda moja kwa moja uani. Hakusema neno. Alichukua kisu akakwangua gome la shina kutafuta ukijani. Hakuona. Akakwangua chini zaidi, akachimbua kidogo kwa kidole, na harufu iliyotoka ilikuwa ya kitu kilichooza. Mizizi ilikuwa myeusi, yateleza. Nikasema, "Lakini nilikuwa naumwagilia kila siku." Alinitazama, akaingia ndani kuvua buibui lake.

Nimeisimulia aibu hii kwa sababu ndani yake mna karibu kila kosa ambalo mwasumini hufanyiwa katika Tana Delta, na nadhani ni afadhali mjifunze kwa mti wangu uliokufa kuliko kwa wenu ulio hai.

La kwanza na kubwa ni udongo. Udongo wetu mweusi wa mfinyanzi mnaujua. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa zinazomeza kandambili, na wakati wa mvua hunata kwenye miguu hata mtu hupungukiwa na hatua. Mpunga waupenda. Mwasumini hauupendi, kwa kuwa mizizi ya mwasumini yahitaji hewa kama yanavyohitaji mapafu. Ukichimba shimo katika udongo huo umetengeneza bakuli, na maji unayoyamwaga hayana pa kwenda. Mizizi hukosa pumzi, huoza, na mzizi uliooza hauwezi kupandisha maji. Ndipo majani hunyauka na kuwa manjano huku chini kumejaa maji, na mtu akiona kunyauka hudhani ni kiu. Huu ndio mtego. Mti unaozama na mti wenye kiu hufanana kwa juu, na hakuna wa kukuambia isipokuwa kidole chako. Kichomeke udongoni hadi kifundo cha pili. Ukihisi unyevu, weka kata yako chini na uende zako.

Kwa hiyo usiufukie mwasumini, uinue. Kile kifusi cha mlango wa jikoni nilichokidharau ndicho kilichouweka hai miaka 20. Fanya tuta la urefu wa goti, au chukua gurudumu kuukuu la gari, au debe, au karai lililotoboka, bora tu liwe na matundu ya kutosha chini. Udongo wa kujaza usiutoe uwanjani. Kingo za Tana, pale ambapo watu hupanda migomba na miembe, zina udongo mwepesi ulioletwa na mto, nao wafaa sana. Changanya sehemu 2 za udongo huo, sehemu 1 ya samadi iliyokaa miezi 6 au zaidi hata haina tena harufu ya zizi, na sehemu 1 ya kumvi za mpunga au majani ya mwembe yaliyooza. Tahadharini na jambo moja. Wako wanaodhani viganja viwili vya mchanga vitaufanya mfinyanzi kuwa mwepesi. Havifanyi hivyo, mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi mwingi huzidi kuugandamiza. Na kuchota udongo wa kingo ni kazi ya watu wazima, mchana, penye watu. Msiwatume watoto. Mamba wa mto huu hawachagui.

La pili ni majivu. Majivu ya kuni yana magadi, na udongo wetu tayari una magadi ya kutosha, mahali pengine na chumvi pia. Mwasumini hupenda udongo usio na magadi mengi. Ukizidisha, chuma kilichomo ardhini hujifunga, mti hauwezi kukinyonya, na dalili yake ni jani la manjano ambalo mishipa yake imebaki kijani. Ukiona jani la namna hiyo, acha majivu na utie mbolea ya majani yaliyooza. Ukiona kingo za jani zimeungua kama karatasi iliyopitishwa kwenye moto, hiyo ni chumvi. Tazama kisima unachotekea. Maji ya mvua na maji ya mto ni salama zaidi kwake kuliko maji ya visima vyetu vingi.

Kuna msomaji atakayesema kwamba pale pangu palikuwa na taka za jivu na mti ukastawi. Ni kweli. Lilikuwa jivu la zamani, mvua za miaka zilikwisha kuliosha, na chini yake palikuwa na vifusi vilivyopitisha maji. Nami sikulijua hilo nilipokuwa nikimwaga jivu jipya ndoo kwa ndoo.

La tatu ni jua. Wengi huupanda mwasumini chini ya mwembe kwa kuuonea huruma. Huruma hiyo huzaa majani tu. Wautaka jua la saa 5 au 6 kwa siku, na jua la asubuhi ndilo bora. Mbolea nayo ikizidi hufanya vivyo hivyo, mti hunenepa majani na kusahau maua. Mkono mmoja wa samadi kuukuu mwanzoni mwa masika na mwingine mwanzoni mwa vuli watosha.

La nne ni kisu, na hili kina mama wengi huliogopa. Asumini huchanua kwenye machipukizi mapya. Tawi la zamani halitoi kitu. Basi wimbi la maua likiisha, punguza mti, kata theluthi ya urefu wa kila tawi, ondoa yaliyokufa na yanayosuguana, na usubiri. Utauona mti umekuwa kama kuku aliyenyonyolewa, watoto watakucheka. Baada ya majuma machache kila jicho litatoa matawi mawili, na kwenye ncha zake vichanga vya maua. Mti usiokatwa hurefuka, hulala ukutani, na asumini zake huwa mbili tatu huko juu zisikofikika.

Wadudu si jambo la kukesha nalo. Tazama chini ya majani. Ukiona vidukari au vile vidung'ata vyenye ungaunga mweupe, na chungu wakipanda na kushuka, fahamu kuwa chungu wale wanavifuga kwa ajili ya utamu wao. Osha majani kwa maji yenye sabuni kidogo wakati wa jioni, rudia baada ya siku 4 au 5, kisha suuza. Majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha, maji yake yakachujwa, nayo hufaa. Utitiri huja wakati wa kiangazi kikali, na dawa yake ya kwanza ni kuyanyunyizia majani maji kwa chini. Mbuzi ndiye mdudu mkubwa kuliko wote. Zungusha matawi ya mathenge, maana mti huo uliotuvamia yafaa angalau utufanyie kazi moja, ila ushike kwa uangalifu, mwiba wake huchoma na kuacha uvimbe.

Na maji? Katika ukame ule wa 2021, wakati mimi namwaga ndoo 3 kwa siku juu ya mti mmoja, kulikuwa na kina mama waliopanga foleni ya mitungi kuanzia alfajiri. Hilo lilinijia baadaye na likanichoma kuliko mti wenyewe. Yapo mapokezi mashuhuri kwamba Mtume, rehma na amani zimfikie, alimkataza sahaba israfu ya maji katika udhu hata kama yuko kwenye mto upitao. Wanazuoni wa hadithi wamesema juu ya udhaifu wa njia yake, lakini makatazo ya israfu yamethibiti kwa dalili nyingine nyingi. Nami nilifanya israfu kando ya mto hasa, na nikaua kwa israfu hiyo. Siku hizi nyumbani kwangu twatawadhia juu ya beseni, na maji hayo ndiyo ya mwasumini. Hayana sabuni, na kwa kuwa ni ya udhu hayazidi. Mti ulioshika hutosheka na maji mara mbili kwa juma, mara tatu wakati wa kaskazi kali. Juu ya udongo weka kumvi au nyasi kavu, ila zisiliguse shina.

Sasa nirudi kwenye habari ya mke wangu, kwani haikuishia kwenye kisu.

Siku ya tatu baada ya kurudi kwake alikuja jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, mama Mpokomo, Mkristo, mtu mzima kuliko sisi. Alikuwa ameleta vipande 3 vya mwasumini ndani ya kopo la maji. Kumbe miaka mingi nyuma, mwanawe alipokuwa anaoa, alikuja kuomba asumini, na mke wangu akampa maua pamoja na kipande cha kupanda. Alikipanda karibu na mtungi wake wa maji kikakua. Ulipofika mwaka 2012 na matatizo yake, ambao watu wa delta hii hawahitaji kuelezwa, ilikuwa miezi ambayo majirani walipishana kimya. Mti ule uliendelea kuchanua nyumbani kwa mama yule, na naamini kila jioni harufu yake ilimkumbusha nani alimpa. Alipoweka kopo lile mezani kwetu alisema tu, "Nimesikia wako umekufa. Huu ni wako." Mke wangu, ambaye hakulia siku ile ya kisu, alilia hapo.

Vipande viwili vilikufa. Cha tatu kilishika, na mke wangu alikitia katika debe. Mimi nilikatazwa kukisogelea.

Novemba 2023 yakaja mafuriko ya El Niño. Mnakumbuka jinsi maji yalivyopanda na jinsi barabara ya Lamu ilivyokatika. Tulitoka kwa boti na magodoro, misahafu, sufuria, na debe la mwasumini. Mwenye boti alinung'unika, nikamlipa nafasi yake. Jirani yetu hakuweza kuubeba wake, mti mkubwa uliotia mizizi ardhini. Ulisimama ndani ya maji majuma kadhaa, na tuliporudi ulikuwa umekauka wote. Basi mke wangu alikata vipande kwenye debe lake akampelekea, naye akavipokea bila maneno mengi. Kisha masika ya 2024 mto ukatoka tena. Safari hiyo tulikuwa tumejifunza. Kipande kimoja kilikuwa kimekwenda Witu kwa shemeji yangu, kimoja Garsen kwa mwalimu wa madrasa, na kimoja Lamu, kikarudi katika mtaa kilikotoka mwaka 2001.

Kwa hiyo anayeishi kando ya mto huu asiwe na mwasumini mmoja katika ua mmoja. Kugawa hapa ni katika kuuhifadhi. Mwasumini huu wetu ni nadra kuzaa mbegu. Mti uliokufa bila kukatwa kipande umekwenda na ukoo wake wote. Kukigawa ni rahisi. Chagua tawi lisilo changa sana wala gumu sana, kata urefu wa kiganja, chini kidogo ya kifundo, libaki na vifundo 3. Ondoa majani ya chini, yale mawili ya juu yakate nusu. Chomeka katika mchanga wa mtoni uliochanganywa na udongo kidogo, ndani ya pakiti kuukuu ya maziwa iliyotobolewa, na uweke kivulini penye mwanga. Mchanga uwe na unyevu, usiwe tope. Baada ya wiki 4 hadi 8, ukivuta taratibu na kikagoma, kina mizizi. Mwenye mti wenye matawi marefu aweza kuinamisha tawi mpaka chini, alikwangue gome upande wa chini, alifukie na kuweka jiwe juu. Tawi hilo litatoa mizizi huku likinyonya kwa mama yake, na baada ya miezi 2 au 3 utalikata. Njia hii haishindwi kwa urahisi, nami nimeruhusiwa kuifanya.

Lugha yetu imeliita ua la mti na ua wa nyumba kwa neno moja. Sijui kama wazee walikusudia, lakini nimeona mara nyingi kwamba nyumba yenye ua la kwanza, hata ua wa pili husafishwa.

Asumini huchumwa alasiri, zikiwa bado vichanga vyeupe vilivyofumba, kwa maana hufumbuka jua likizama. Ukichuma asubuhi umechuma zilizokwisha kutoa harufu yake usiku. Zifunge katika jani la mgomba lililoloweshwa, kisha zitunge kwa sindano na uzi kabla ya Magharibi. Hapo baada ya Isha chumba chote kimejaa. Kikuba cha mkadi, rehani na asumini bibi zetu walikifunga bila kusoma kitabu chochote. Najua nitaulizwa habari ya kutoka nacho nje. Hukumu ya mwanamke kujitia manukato na kupita mbele ya wanaume wa kando mnaijua, nami sitaipunguza. Lakini uani mwako, mbele ya mumeo na watoto wako, na katika shughuli za wanawake wenzako, jipambe na ushukuru. Mtume, rehma na amani zimfikie, alipenda harufu nzuri, na katika Sahihi ya Muslim imepokewa kwamba anayepewa rehani asiikatae, kwa kuwa ni nyepesi kubeba na harufu yake ni njema. Wanazuoni wameeleza kuwa rehani hapo ni kila mmea wenye harufu nzuri. Basi, kina baba mnaosomewa ukurasa huu jioni, mkeo akikupa asumini usiiweke juu ya kabati.

Binti yetu wa peoni nilimwita Jumatatu. Mke wangu amemkatia vipande 2 na kumwonyesha namna ya kuinua tuta, na mimi nimempa gurudumu lililokuwa nyuma ya nyumba. Vimebaki vipande 9 vyenye mizizi, vimepangwa kivulini kando ya jiko. Anayetaka aje baada ya Alasiri, siku yoyote isipokuwa Ijumaa, na aje na chombo chake chenye matundu. Malipo ni ahadi ya vipande 2 kwa jirani mwaka ujao. Amwone mke wangu, si mimi.